Tundu Nililoliziba kwa Nta

Mmeniomba niwaandikie juu ya kazi yangu, nyie vijana mnaoanza ufundi wa vipimo, na katika barua yenu mmesema mngependa kusikia "mafanikio". Niliisoma barua hiyo mara mbili nikaikunja. Siku ya tatu nikaona kwamba nisipoandika nitakuwa nimeogopa kwa mara ya pili maishani, na ile ya kwanza ilitosha. Basi naandika, lakini mafanikio mtayatafuta kwa wengine. Mimi nitawaeleza juu ya kisanduku kimoja cha chuma, tanki moja la maji pale Titye wilayani Kasulu, na mtu aliyeitwa Laurenti ambaye nilimwangusha kwa neno moja.

Nina hasira, nalisema wazi ili asije mtu akashangaa katikati. Ninayo tangu miaka ya tisini. Mke wangu husema Mkristo wa kweli angekwisha kuiweka chini, nami humjibu kwamba Mkristo wa kweli hangefanya nilichofanya. Na kila ninapomsikia fundi kijana akisema, "Mzee, mashine haidanganyi," inapanda upya mpaka natafuta mahali pa kukaa. Nani alikwambia haidanganyi? Aliyekuuzia?

Nyie mna kompyuta ndogo za viwandani zinazoenea kiganjani. Zinapima, zinahesabu, na kabla hujamaliza kikombe cha chai habari zimeshafika ofisini kwa simu. Sisi tulikuwa na loga. Kilikuwa kisanduku cha chuma cha ukubwa wa Biblia ile kubwa ya kanisani, ndani kuna kadi ya kompyuta isiyo na kioo wala vitufe, kumbukumbu ndogo sana, na betri. Waya mrefu ulitoka pale ukaingia tankini, na mwisho wa waya kulikuwa na kipimo cha kuzamishwa chini kabisa. Kila robo saa loga iliamka, ikakiuliza kipimo maji yamefika wapi, ikaandika namba, ikalala. Kila wiki mbili nilipanda pikipiki kutoka Kasulu mjini na laptop mgongoni, imeviringishwa kwenye blanketi, nikachomeka waya na kunyonya data.

Laurenti alicheka siku ya kwanza aliposikia neno hilo. "Kwetu Burundi data ni baba," akaniambia. "Sasa wewe kila wiki mbili unakuja kumtoa baba yako kwenye sanduku?" Tangu siku hiyo, nikifika tu, aliniuliza kama baba hajambo.

Nisiwafiche, makosa nilifanya mengi kabla ya lile kubwa. Mwezi wangu wa kwanza kazini nilipitisha waya ukaingia kisandukuni kwa juu, na mvua ikaufuata mpaka ndani. Waya ushushwe chini ya kisanduku kwanza, ufanye tumbo, ndipo upande na kuingia kwa chini, ili maji yadondokee kwenye tumbo lile. Hakuna kitabu kilichonifundisha hilo, nilifundishwa na kadi iliyooza. Mara nyingine nilifuta kumbukumbu ya loga nikiamini nimeshahifadhi kila kitu kwenye diski. Nilipofika Kasulu nikakuta diski tupu, namba za wiki mbili zimekwenda na maji. Usifute kitu mpaka ukifungue ulichohifadhi na kukisoma kwa macho yako, hapohapo, hata kama jua linakuunguza na watu wanakucheka. Na sisimizi wanapenda joto la betri, msije mkasema hamkuambiwa.

Ufundi nilianza kwa Mzee Zakaria, fundi redio wa pale Kibondo mjini, mtu mkali aliyenipiga vidole kwa bisibisi kila nilipoyeyusha risasi ya kulehemu kabla ya kupasha waya. Kwake ndiko nilikojifunza kuziba. Mende na vumbi ndio waliokuwa wanaua redio za wateja wetu, na Mzee Zakaria alikuwa na bonge la nta mezani muda wote. "Ukiona tundu huna habari nalo, ziba," alisema. "Mende haombi ruhusa." Nami nta nilikuwa nimezaliwa nayo. Baba yangu alitundika mizinga katika mapori ya kule Kakonko, na nyumbani kwetu kila kilichopasuka kilitibiwa kwa nta, kuanzia kibuyu mpaka kifuniko cha pipa. Mtu wa kwetu akiona ufa, mkono wake unakwenda kutafuta nta kabla hajafikiri.

Sasa nilipokuwa nafunga ile loga ya Titye, mwezi wa sita, niliuchuna waya wa kipimo nikakuta ndani yake nyaya nne za rangi na mrija mmoja mweupe wa plastiki, mwembamba kuliko kalamu ya wino. Nyaya nne nilizijua zinakokwenda. Mrija haukwenda popote. Ulikuwa umekatwa tu na kuachwa wazi ndani ya kisanduku, mtupu. Nikasema moyoni, hawa watu wa kiwandani nao ni wazembe, wameacha njia ya unyevu kuingia mpaka kwenye kipimo. Kijitabu cha maelezo kilikuwepo, kwa Kiingereza, kurasa zaidi ya sitini. Nilisoma zile za kuunganisha nyaya na zile za betri, zilizobaki nikaziacha. Nikachukua nta, nikaipasha kwa kiberiti, nikauziba ule mrija vizuri sana. Kazi safi. Nilijipongeza.

Laurenti alikuwa mtunza tanki. Alikimbia kutoka Burundi kule vita vilipoanza, akaja Titye, akaoa mwanamke wa palepale, Mama Devota, wakapata watoto watatu. Miaka ile mtu aliyetoka ng'ambo ya mpaka hakutakiwa kuishi nje ya kambi bila sababu yenye karatasi, na karatasi ya Laurenti ilikuwa barua ya kazi aliyopewa na shirika letu la maji. Aliikunja ndani ya mfuko wa nailoni na kuitembeza kifuani kila siku. Kazi ikimtoka, na nyumba inamtoka. Hilo tulilijua sote, na mimi nikiwamo.

Huko kwao alikuwa mtunza mitambo ya kukaushia majani kwenye kiwanda cha chai. Kazi yake ilikuwa kusoma joto kila nusu saa na kuliandika. Kwa hiyo alipokabidhiwa tanki la Titye alijitengenezea ufito mrefu wa mwanzi, akauchonga alama kila sentimita tano, akanunua daftari. Kila saa alipanda ngazi, akachovya, akaandika. Hakuna aliyemtuma. Nilimwuliza siku moja kwa nini anajisumbua wakati kuna loga.

"Ile ni yenu," akasema. "Hii ni yangu. Siku moja zitakosana, ndipo tutajua."

Nilicheka. Mtu mzima na ufito wake, mimi na kompyuta.

Ratiba ya maji ilikuwa hivi. Asubuhi pampu inajaza tanki na watu wanachota kwenye vilula, yale mabomba ya kijiji. Saa sita mchana koki zinafungwa na pampu inazimwa, ili kisima kipumzike. Saa kumi pampu inawashwa tena, vilula vinafunguliwa. Kati ya saa sita na saa kumi, basi, maji hayaingii wala hayatoki. Kwenye grafu mstari unatakiwa ulale.

Haukulala. Kila siku, kuanzia saa sita, mstari wetu ulishuka polepole mpaka saa tisa, sentimita thelathini na kitu, kisha saa kumi pampu ikawashwa na mstari ukapanda. Injinia Godlove, mkuu wetu wa Kasulu, aliuona kwenye karatasi nilizomchapia mwezi wa tisa. Alikuwa kijana wa mjini, msomi kweli, mchapakazi, na sikumwona hata mara moja akitaka rushwa. Nasema hivyo ili msidhani nawasimulia habari za mtu mbaya. Aliweka kidole kwenye mstari akasema, "Hapa kuna mtu anafungulia maji."

Chini ya tanki kulikuwa na koki ya kuoshea, na ufunguo wake alikuwa nao Laurenti. Bondeni walikuwepo wafyatua matofali, watu wa kuhitaji maji mengi. Injinia hakuhitaji zaidi ya hapo.

Mimi nilimwonyesha jambo moja, na hili huwa najitetea nalo nikiwa peke yangu, kisha naona aibu. Nilimwambia, "Injinia, hizi siku tatu za mvua mstari haukushuka." Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyekaribia jibu. "Sawasawa, Yustasi. Siku ya mvua nani anafyatua matofali?"

Ilikaa vizuri mno. Hadi leo nikikuta maelezo yanayokaa vizuri kiasi hicho, yanayofunika kila kitu bila kubakiza hata pindo, nashtuka. Nanyi mshtuke. Mtu akishamshuku mwenzake, hata mvua inageuka shahidi.

Wiki iliyofuata tukaenda Titye. Tulikusanyika chini ya tanki: Injinia, mwenyekiti wa kijiji, kamati ya maji, watu wengine waliosikia gari, Laurenti, na mimi. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali. Injinia akatandaza grafu juu ya boneti ya gari akaeleza kwa utaratibu. Watu wakaanza kunong'ona. Laurenti akatoa daftari lake.

"Muheshimiwa, mimi naandika kila saa. Angalia. Saa sita, mita moja na tisini. Saa saba, moja na tisini. Saa nane, moja na tisini. Maji hayatembei."

Injinia alifunua kurasa mbili tatu. Akalifunga. "Ndugu yangu, daftari linaandikwa na mtu. Kile kisanduku hakina mke wala rafiki bondeni."

"Basi tupande," Laurenti akasema. "Sasa hivi ni saa nane. Ngazi ile pale, ufito huu hapa. Mupime na mikono yenu."

Nataka msimame hapo kidogo. Ngazi ilikuwa na vidato kumi na kimoja. Nilivihesabu baadaye. Mtu mzima anapanda vidato kumi na kimoja bila kuhema. Pale chini palikuwa na watu zaidi ya ishirini, wenye miguu mizima, wakibishana juu ya maji yaliyokuwa mita chache juu ya vichwa vyao, na hakuna aliyepanda kuyatazama. Mwenyekiti alitazama ngazi, akamtazama Injinia. Injinia akatazama saa yake, akasema tunasubiriwa Kabanga. Kisha akanigeukia mbele ya wote.

"Yustasi, wewe ndiye mtaalamu wa chombo hiki. Kinaweza kukosea?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniita mtaalamu. Mimi, mtoto wa mrina asali, niliyepigwa vidole na bisibisi. Nilihisi shati langu limenibana kifuani. Laurenti alikuwa ananitazama bila wasiwasi wowote, akitabasamu kidogo hata, maana alijua mimi ni rafiki yake na najua kwamba kila kitu kinaweza kukosea.

Nikasema, "Hakikosei."

"Urabeshya," Laurenti akasema kwa Kirundi, polepole, akimaanisha kwamba nasema uongo. Alitoa mfuko wa nailoni kifuani, akampa Injinia ile barua kabla hajaombwa.

Hazikupita wiki mbili akapelekwa kambini. Niwaambie mapema ili msisubiri: hakurudi tena kuishi Titye. Mama Devota alibaki na shamba lake la maharage na mihogo, na watoto. Wanawake wenzake pale kilulani walimwambia asimame mwisho wa foleni, kwa kuwa mume wake alishachota ya kutosha. Mtoto wake mkubwa aliacha kwenda shule kwa muda, kwa sababu ya jina alilopewa na wenzake. Mnalijua jina lenyewe, sina haja ya kuliandika.

Sasa sikilizeni upumbavu unavyotembea. Mtunza tanki mpya aliwekwa, ufunguo ukabadilishwa mikono, na mwezi wa kumi na moja nikanyonya data. Mstari ulikuwa bado unashuka. Kila siku yenye jua, kuanzia saa sita. Mtu mwenye akili angesema, mwizi ameondoka na wizi umebaki, basi tukitazame chombo. Injinia alisema, "Ameacha ufunguo wa pili kwa mkewe." Mgambo wakaenda kwa Mama Devota asubuhi. Wakamwaga maharage yake chini, wakapindua kitanda, wakachimba hata jikoni chini ya mafiga. Hawakupata kitu, na maharage walimwachia ayaokote mwenyewe.

Niliposikia habari ya maharage ndipo nilipoona haya. Si Laurenti alipotoa barua, si alipopakiwa garini. Maharage. Moyo wa mtu ni kitu cha ajabu, na wangu sikuwa na sababu ya kujivunia. Siku ya pili nilikwenda Titye bila kumuaga mtu. Nilikuta ufito wa Laurenti umetupwa kwenye nyasi, nikauchukua, nikapanda. Saa nane kasoro. Nikachovya. Mita moja na tisini, alama ileile ya daftari lake. Nikashuka, nikafungua kisanduku, kilikuwa cha moto hata siwezi kukiegemea, nikachomeka laptop ili nione namba inayosomwa wakati uleule. Mita moja na hamsini na nane.

Maji yalikuwa yaleyale. Nilikaa chini pale na nikaanza kugusa kitu kimoja kimoja, kama Mzee Zakaria alivyonifundisha, bila haraka. Betri, nzuri. Viungo, vikavu. Nyaya nne, zimekaza. Nikafika kwenye nta yangu. Nikaichokoa kwa ncha ya kisu. Ikatoka pumzi ndogo, fss, na palepale kwenye laptop namba ikaruka kutoka moja na hamsini na nane hadi moja na tisini.

Jioni ile ndipo niliposoma kijitabu chote. Kipimo kile kina utando mwembamba wa chuma. Maji yanausukuma kwa mbele, na hewa iliyo juu ya maji nayo inasukuma. Ili hewa isije ikahesabiwa kuwa maji, unawekwa mrija wa kupitisha hewa hiyohiyo nyuma ya utando, pande mbili zilingane. Mrija ule ndio pua ya chombo. Ukiuziba, unafungia hewa ndani, na jua likipiga kisanduku hewa inavimba, inausukuma utando kutoka nyuma, na loga inaandika kwamba maji yamepungua. Siku ya mvua kisanduku ni baridi, hakuna kinachopungua. Ilikuwepo hata picha, ukurasa wa thelathini na nane: mrija wenye kizibo, na juu yake alama kubwa ya kukataza. Mtu asiyejua neno moja la Kiingereza angeielewa.

Nilikwenda kwa Injinia kesho yake nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameshika kalamu, akaiweka.

"Umeshazibua?"

"Nimezibua."

"Basi imekwisha. Ripoti imeshakwenda Dar, na kutoka Dar imekwenda kwa wafadhili. Tukianza kuirudisha, watauliza ni vituo vingapi vingine ulivyofunga wewe." Akaichukua tena kalamu. "Una watoto, Yustasi."

Nilikuwa nao wanne. Nilisema, "Ndiyo, Injinia," nikatoka, nikakaa kimya wiki tatu. Wiki tatu nzima nilikula, nikalala, nikaimba kwaya Jumapili. Kama kuna kitu kimoja mnachotakiwa kukichukia katika maandishi haya, msichague Injinia, chagueni wiki tatu zile.

Mwishoni nikaenda kambini. Laurenti alikuwa anajenga kibanda cha jirani yake, miguu imejaa udongo. Hakuniuliza kama baba hajambo. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kwa sababu hakunikaribisha kukaa. Nta, mrija, jua, kila kitu. Alisikiliza kama fundi anavyomsikiliza fundi.

"Kwa hiyo siku za mvua ilisema kweli," akasema.

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa nasema kweli siku zote." Akafuta mikono kwenye suruali. "Umekuja kuniambia mimi kwa nini? Mimi nilikuwa najua. Hapa hakuna mtu aliyeniita mwizi. Nenda ukaseme kule uliposema."

"Nitasema. Na barua ya kazi nitaiomba ofisini."

"Hiyo barua hawatakupa. Nenda ukaseme. Mke wangu anasimama mwisho kilulani."

Barua niliiomba, mara mbili kwa maandishi, na kweli hawakunipa. Nafasi ilikuwa imeshajazwa na faili limefungwa. Niliambiwa nikimtaka sana mtu huyo basi nimpe kazi nyumbani kwangu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Titye. Laurenti asingeweza kuja, hakuwa na kibali cha kutoka. Nilingoja watu watoke kanisani, na wanawake wengi walipitia kilulani moja kwa moja na ndoo zao, kwa hiyo nilisimama pale. Nilimwomba mwenyekiti awanyamazishe watu. Nikasema: mimi Yustasi, fundi wa kisanduku, nilisema hapa kwamba chombo hakikosei, nilisema uongo. Kilikosea, na aliyekikosesha ni mimi. Niliziba tundu lisilozibwa. Maji hayakupungua hata siku moja. Laurenti hakuchukua hata kikombe. Nikawaeleza na habari ya jua na hewa, nadhani wachache walinielewa, lakini neno la kikombe walilielewa wote.

Mwenyekiti alikohoa akasema, "Tumesikia, fundi. Binadamu hakosi kukosea." Watu wakaguna wakikubali, na nikaona wengine wameanza kuinama kwa ndoo zao. Nakiri nilisikia nafuu. Nilikwishaanza kufunga vifungo vya koti.

Mama Devota alikuwa nyuma ya foleni, mtoto mdogo mgongoni. Hakupaza sauti, lakini alisikika mpaka mwanzo wa foleni.

"Fundi, tangu wajue ni wewe, umefukuzwa?"

"Hapana, Mama Devota."

"Umepelekwa mahali?"

"Hapana."

"Kwako wamekuja kumwaga maharage?"

"Hapana."

Alimkaza mtoto mgongoni.

"Basi bado hujasema," akasema.

Akainua ndoo yake. Wanawake waliokuwa mbele wakampisha, mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika kilulani wa kwanza. Hakuna aliyenitazama tena. Jumatatu nilipanda pikipiki nikaenda kazini kama kawaida, na nilifanya kazi pale miaka mingine tisa.